Ukingoni mwa Maji, Mtoto wa Wote Hana Mlinzi

Ndugu msomaji, iwapo nawe unalea watoto wawili wadogo kwa wakati mmoja, nakuomba uisome habari hii mpaka mwisho, kwani haya nitakayokueleza nusura niyajifunze kwa kilio.

Sisi tunaishi Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Shinyanga. Mimi ni mwandishi wa habari, na mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tumejaliwa watoto wawili: mvulana wa miaka miwili na nusu, na mdogo wake wa kike mwenye miezi mitano. Kabla mdogo hajazaliwa, yule mkubwa alikuwa na macho manne ya kumtazama, mawili ya mama yake na mawili yangu. Alipozaliwa mdogo, macho ya mama yakahamia kwa kichanga usiku na mchana, kama ilivyo haki ya kichanga. Yakabaki yangu mawili; nayo, nakiri mbele yako, mara nyingi yalikuwa kwenye simu nikimngojea mhariri.

Mtoto aliliona badiliko hilo mapema kuliko sisi. Alianza tena kutaka kubebwa mgongoni, akarudia kukojoa kitandani, na kila mama aliponyonyesha, yeye aliondoka kwenda kutafuta maji. Maji ndiyo yaliyokuwa mchezo wake. Kwenye beseni, kwenye ndoo, kwenye kidimbwi cha mvua, hapo ndipo ungemkuta. Tulicheka, tukasema huyu atakuwa mvuvi.

Jumamosi moja tulikwenda kuwajulia hali wazazi wangu kijijini, mwendo usio mrefu kutoka mjini. Wewe uliyekulia Usukumani wajua hali ya kwetu: mito mingi hukauka kiangazi, watu wakafukua mchanga kutafuta maji. Kwa sababu hiyo vijiji vina malambo, yaliyochimbwa ili mvua ikae humo kwa ajili ya mifugo na matumizi ya watu. Udongo mweusi wa mbuga huyashika maji vizuri. Lakini udongo huo huo ukilowa huteleza kama sabuni, na kingo za lambo lililochimbwa kwa katapila hushuka ghafla. Hatua moja maji ni ya kifundo cha mguu, hatua ya pili ni ya kiuno cha mtu mzima.

Tulikuwa watu wazima watano chini ya mti, hatua chache kutoka lambo. Mama yangu alikuwa akichambua choroko, dada zangu wawili wakikunja nguo zilizokauka, mke wangu akinyonyesha, nami nikizungumza na simu. Mke wangu alidhani mtoto yuko nami. Mimi nilidhani yuko na bibi yake. Bibi naye alidhani yuko na shangazi zake. Ndugu msomaji, mtoto wa wote hana mlinzi.

Hatukusikia kelele yoyote. Jambo hili nataka ulishike, maana wengi wetu tunadhani kwamba anayezama hupiga mayowe na kutapatapa. La hasha! Mtoto mdogo huzama kimya. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili. Akianguka kifudifudi hana nguvu ya kujiinua, na kinywa kilichojaa maji hakiwezi kumwita mama. Aliyemwona ni kijana mchungaji, mwenye umri wa miaka 12 hivi, aliyekuwa akinywesha ng'ombe ng'ambo ya pili. Alijitosa, akamwopoa, akamleta mikononi. Mtoto alitapika maji, akakohoa, ndipo akalia. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Tulimkimbiza kwenye zahanati, akachunguzwa na kuangaliwa hadi jioni, tukaruhusiwa kurudi naye. Usiku ule hatukulala. Mke wangu alisema, "Baba watoto, nilijua unaye wewe." Nami nikamjibu, "Mama watoto, nilijua unaye wewe." Tulitupiana maneno hayo mpaka tukachoka, na tulipochoka tukatambua kwamba wote wawili tulikuwa tunasema jambo moja. Hakuna kati yetu aliyemtupa mtoto. Kila mmoja alimwachia mwenzake, bila kumwambia.

Asubuhi yake nilipiga marufuku. Nilitangaza kwamba katika nyumba yangu mtoto hatacheza tena na maji. Marufuku hiyo naijua vizuri, kwa kuwa nilikulia ndani yake. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikapoteza mamia ya watu, mimi nilikuwa darasa la kwanza huko Magu, ambako baba alikuwa mtumishi wa serikali. Tangu siku ile mama alitukataza kulisogelea ziwa. Tukakua kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika bila kujua hata kuelea. Na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wakafa, nilijiuliza kama mimi ningeweza kujisaidia hata kwa dakika moja.

Mama aliposikia marufuku yangu, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mimi niliwakataza maji kwa hofu, mkanitii. Lakini hofu yangu haikuwafundisha kuogelea. Wewe usimrithishe mwanao hofu. Mrithishe macho yako."

Maneno hayo yaliniingia. Nikaanza kutafuta habari, kama ilivyo kazi yangu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Desemba 2024 yasema kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Shirika hilo linahimiza watoto wafundishwe kuogelea kuanzia miaka sita. Kwa walio chini ya umri huo, kinga yao ni uzio, mfuniko, na mtu mzima asiyebanduka.

Basi tukaamua jambo moja. Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumapili, hupanda basi dogo asubuhi kwenda Lamadi, katika Wilaya ya Busega, mahali ambapo mkoa wetu unakutana na Ziwa Viktoria. Ni mwendo wa takribani kilometa 70 kwa barabara ya lami. Twachukua mkeka, khanga mbili, nepi, chupa ya uji na ndizi. Mtoto alipoliona ziwa kwa mara ya kwanza aliuliza, "Baba, beseni hii ya nani?" Abiria wote walicheka.

Hata hivyo hatuogi ziwani. Katika Ghuba ya Speke mna mamba na viboko, na katika maji yaliyotulia yenye majani huishi konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoboa ngozi pasipo mtu kuhisi, na hata malambo yetu hayakusalimika navyo. Ndiyo maana wiki kadhaa baada ya mkasa ule tulimpeleka mwanetu kupimwa mkojo, tukashukuru kuambiwa yu salama. Sisi huenda kwenye nyumba moja ya wageni yenye bwawa la kuogelea ambalo maji yake hutiwa klorini, tukalipa kiingilio na kuingia.

Hapo mke wangu hukaa kivulini na kichanga, nami huingia bwawani na mkubwa, nikimshika kwapani. Hupiga miguu, hupuliza mapovu, hunirushia maji usoni. Simu huiacha kwenye kikapu cha mama yake. Kijana mmoja wa pale alinifundisha kuelea chali, mimi mtu wa miaka thelathini na kitu, mwanangu akitazama na kucheka jinsi baba alivyokuwa akimeza maji. Baada ya saa moja twabadilishana: mimi nampakata mdogo, na mama anapata zamu yake ya kuwa na mwanawe mkubwa peke yake, jambo ambalo hakulipata tangu siku ya kujifungua. Huenda ukashangaa nikikuambia kwamba tangu tuanze safari hizo, kukojoa kitandani kumepungua. Kumbe mtoto hakuwa akitafuta maji tu. Alikuwa akitutafuta sisi.

Lakini usidanganyike kwamba mtoto wa umri huu akizoea bwawa amekwisha kuwa salama. Mazoea yaweza hata kumwongezea ujasiri usio na akili. Boya la mpira nalo si yaya. Ndani ya maji, mkono wangu haukai mbali naye kiasi cha kushindwa kumshika.

Nyumbani nako tumebadili mambo. Maji ya kuogea yanayotoka mtoni au lambo twayaweka kwenye pipa safi lisilo na konokono kwa siku mbili kamili, maana vijidudu vya kichocho hufa katika muda huo. Pipa hilo hufunikwa kwa mfuniko mzito, na ndoo hazilali na maji, kwani mtoto mdogo aweza kufa maji ndani ya ndoo iliyo jikoni mwako, hatua mbili kutoka ulipo.

Na juu ya yote, tumejiwekea kanuni ya maneno mawili. Anayetaka kuondoka husema, "Nakuachia." Hatoki mpaka mwenzake amtazame mtoto na kujibu, "Ninaye." Asipojibiwa, hajaacha. Kanuni hiyo haihitaji fedha wala elimu ya juu, na hata bibi kijijini anaifuata.

Wazazi wenzangu, hasa akina baba, mtoto wa pili anapozaliwa tunazoea kumsifu yule wa kwanza kwamba sasa amekuwa mkubwa. Ni mkubwa gani huyo, wa miaka miwili? Leo ni Jumapili. Iwapo mnakwenda ziwani, mtoni, bwawani au kijijini kwenye lambo, kabla hamjatandika mkeka ulizaneni: nani anaye mtoto? Jibu lisiwe, "Sisi sote." Liwe la mtu mmoja.