Umbo Linalotembea

Mtu wa kwanza kuona kitu kikitembea katika mchezo wa John Conway hakuwa anatafuta kitu cha namna hiyo. Ilikuwa Cambridge, Uingereza, kabla mchezo haujatangazwa kwa umma. Conway na wenzake walikuwa wanapanga kete juu ya ubao wa miraba, wanazitoa na kuziongeza kwa mkono, hatua baada ya hatua, wakifuatilia umbo moja korofi la kete tano lililokataa kutulia. Richard Guy, mmoja wa waliokuwa wakisaidia kazi hiyo, akaona kipande kidogo kimehama. Hakijakua, hakijafa. Kimesogea tu, na sura yake ni ileile.

Sheria za mchezo wenyewe mtoto wa darasa la tatu anazishika. Chukua daftari la hesabu lenye viboksi. Kila kiboksi ni seli, ama hai ama mfu, na kina majirani 8. Seli hai yenye majirani hai 2 au 3 inaendelea kuishi. Wakipungua hapo inakufa kwa upweke, wakizidi inakufa kwa msongamano. Seli mfu ikiwa na majirani hai 3 kamili, inazaliwa. Basi. Zote zinabadilika kwa pamoja, halafu unaanza upya.

Martin Gardner aliuandika mchezo huo katika jarida la Scientific American, Oktoba 1970, na Conway akaweka zawadi ya dola 50 kwa atakayejua kama kuna umbo linaloweza kukua bila mwisho. Novemba ileile Bill Gosper na wenzake wa MIT wakaleta bunduki: umbo linalokaa palepale na kurusha glaida moja kila baada ya hatua 30. Glaida ndilo jina la kile kipande cha Guy. Tangu hapo watu hawajaacha kutafuta vitembeavyo vipya, wengi wao kwa kupenda tu, bila mshahara wala cheo. Mwaka 2018 Adam Goucher alipata kimoja kinachokwenda kama farasi wa chesi, hatua mbili mbele na moja pembeni. Miaka 48 baada ya Gardner, na bado kuna kitu kilikuwa kimejificha kwenye sheria ambazo ungeweza kuziandika kwenye kiganja.

Mimi nilikutana na mchezo huu Aprili 2020. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, nami ni mwalimu wa hesabu, nipo nyumbani Runzewe nakula likizo ambayo sikuiomba. Nikasoma kwenye simu kwamba Conway amefariki New Jersey tarehe 11 Aprili, kwa korona hiyohiyo. Guy alikuwa ametangulia mwezi mmoja kabla, akiwa na miaka 103. Nikachora miraba kwa chaki kwenye sakafu ya sementi, nikaokota vizibo. Vya soda ndio waliopo, vya bia ndio wanaozaliwa. Unaweka vya bia kwanza, ndipo unaondoa waliokufa, la sivyo hesabu inavurugika.

Glaida ni seli 5. Kila hatua utakayoitazama, zipo 5, hazipungui wala hazizidi. Baada ya hatua 4 unaikuta sura ileile ya mwanzo, imesogea kiboksi kimoja kwa mshazari. Hilo utalisoma popote. Mimi nilitaka kujua jambo jingine: nani hasa amesogea?

Nikahesabu vizibo. Kila hatua wanakufa 2 na wanazaliwa 2. Hatua nne, vifo 8 na vizazi 8, ili umbo lisogee kiboksi kimoja. Na katika wale watano wa mwanzo, hakuna hata mmoja aliyeishi mfululizo mpaka hatua ya nne. Yupo mmoja tu ambaye nafasi yake inakuwa hai tena mwishoni, na huyo naye alikufa kwanza. Maana yake ni kwamba hakuna kizibo kilichotembea. Kilichotembea ni mpangilio.

Nilirudia mara tatu, magoti yananiuma, jibu likawa lilelile.

Sasa, wewe uliyekulia kwenye bao utaniambia mbona sisi vitu vinavyotembea tunavijua siku nyingi. Ni kweli. Wasukuma wana isolo, pwani kuna bao la kete, na popote kete zinaposambazwa shimo kwa shimo kuna mpangilio unaotembea. Jaribu mwenyewe: mashimo manne yanayofuatana, yenye kete 4, 3, 2 na 1, na mbele yake shimo tupu. Chota zile 4, sambaza. La pili linakuwa na 4, la tatu 3, la nne 2, na lile tupu linapata 1, kete ya mwisho imelala hapo. Umepata tena 4, 3, 2, 1, imesogea shimo moja. Chota tena, itasogea tena. Wachezaji wa Ghana wanaufahamu msafara huu katika mchezo wao wa owari, na Ron Eglash aliueleza katika kitabu chake cha 1999 kuhusu maumbo ya kujirudia katika utamaduni wa Afrika.

Lakini tazama tofauti. Kwenye bao kete ni 10 mwanzo, ni 10 mwisho, na ni zilezile. Aliyekuwa na nyingi amegawa zote, kila wa mbele yake kapata moja, msafara mzima umesonga bila kumwacha mtu. Glaida inasonga kwa kuacha.

Ndipo nikaanza kufikiria rashi.

Ambaye hajaishi ukanda huu nimweleze. Runzewe ipo Bukombe, wilaya iliyokuwa chini ya Shinyanga mpaka mkoa wa Geita ulipoanzishwa 2012. Barabara kuu ya kwenda Rwanda na Burundi inapita hapa na malori yake, na kushoto na kulia kwake kuna dhahabu, au fununu ya dhahabu, ambayo inahamisha watu vilevile. Mtu akiokota jiwe zuri porini, baada ya wiki kuna rashi: maduara yanachimbwa, maturubai yanasimama, karasha zinaanza kunguruma, mwalo unapatikana, mama lishe wanawasha moto, kinyozi anakuja na betri ya sola, kanisa la mabati linajengwa, banda la video pia. Mawe yakikata, pori linabaki na mashimo. Baada ya muda unasikia kumetoka sehemu nyingine. Unakwenda, unakuta turubai, karasha, mwalo, mama lishe, kinyozi, kanisa, video. Mpangilio uleule.

Mimi nimelelewa humo. Mama yangu alipikia wachimbaji katika rashi nne kabla hajanunua kiwanja Runzewe na kutulia. Nilipokuwa mdogo niliamini tunahama na kijiji chetu, kwamba ni watu walewale tunaobeba masufuria pamoja. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kusoma saa. Katika rashi ya tatu duara lilimwangukia, na hawakuweza kumtoa siku hiyo. Wiki mbili baadaye mawe yalikata na kambi ikahama. Tulipofika kwingine kulikuwa na kijana mwingine anashika nafasi yake kwenye kamba, anakula kwenye benchi letu, anamwita mama yangu "shemeji" kama alivyomwita yeye. Hakuna aliyefanya ubaya. Kamba inahitaji mtu.

Jioni nikamweleza mama ile glaida. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, akanisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari, kwa sikio moja. Nikamwonyesha vizibo, nikamhamishia hatua nne. Nikamwambia watu wa Ulaya na Marekani wamefurahia kitu hiki miaka 50, kwa kuwa kinaonekana kama kina uhai, na kweli kinapendeza.

Akauliza, "Na hao uliowatoa umewaweka wapi?"

Nikamwonyesha. Vilikuwa kwenye kopo la kimbo nyuma yangu.

"Ngapi?"

"Nane, mama. Kila hatua nne, nane."

Aliweka ungo chini. "Mwanangu, ile ya bao ndiyo watu wanavyosimulia rashi. Kwamba tumehama wote, tumegawana, tumefika. Hii ya vizibo ndiyo nilivyoiona mimi."

Sina hakika kama hisabati inaruhusu kulinganishwa hivyo. Seli haina mama. Ikifa haimwachi mtu nyuma, ndiyo maana tunaweza kuitazama glaida na kusema tazama, inatembea, tukatabasamu. Jicho linafuata umbo, na kwenye ubao halina kosa. Kwenye machimbo jicho hilohilo linaona kambi imehamia salama, biashara inaendelea, na haligeuki nyuma kutazama kopo.

Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni niliwapa Kidato cha Pili zoezi hilo kwa punje za mahindi. Nusu yao baba zao wako kwenye machimbo. Niliwataka wachore safu mbili kwenye daftari: waliopo, na waliotoka. Safu ya kwanza ilikaa 5, 5, 5, 5. Ya pili ikaenda 2, 4, 6, 8, na walipoendelea mpaka hatua ya ishirini ikafika 40, huku ile ya kwanza bado inasema 5.

Mama naye ana daftari lake sasa. Mimi ndiye naandika, yeye anataja. Wengine anawakumbuka kwa jina, wengine kwa chakula tu: yule wa ugali bila mboga, yule aliyelipa deni kabla hajashuka. Tumefika rashi ya pili.