MAPIGO SABINI NA TISA

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikungoja kusifiwa na mtu. Nilijisifu mwenyewe, bwenini, mbele ya mashahidi, usiku wa mwisho kabla ya kufunga shule muhula wa pili mwaka wa 2024. Nilikuwa nimekalia sanduku langu, nikawatangazia wenzangu wa Kidato cha Pili kwamba likizo hiyo ningecheza gofu, na kwamba ningerudi na kadi ya kuwaonyesha.

"Wewe gofu umeijulia wapi?" akaniuliza jamaa mmoja wa kitanda cha juu.

"Mjomba wangu ni kedi," nikamjibu kwa maringo. "Hayo mambo yako kwenye damu."

Kwa asiyejua, kedi ni yule mtu anayembebea mchezaji mkoba wa fimbo, akamtafutia mpira na kumshauri apige vipi. Mjomba ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Mimi nami nilikuwa nimesoma hapa na pale. Nilijua kwamba klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, kwamba mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka wa 1967, na kwamba Seve Ballesteros wa Uhispania aliyashinda mwaka wa 1978. Nilijua hata kwamba kule Nanyuki mstari wa ikweta unapita katikati ya kiwanja cha gofu. Nikadhani kujua habari za mchezo ni sawa na kuujua mchezo. Ama kweli, kutojua ni usiku wa giza!

Nikawapigia wenzangu hesabu pale pale. Kiwanja cha kwetu kina mashimo 9. Kila shimo lina idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuyatumia. Wenyewe huiita pa. Mashimo mafupi ni pa 3, ya wastani pa 4, na marefu pa 5. Ukijumlisha mashimo yetu yote 9 unapata 36. "Mimi ni mgeni," nikasema kwa unyenyekevu wa uongo, "kwa hivyo nitajiongezea pigo moja kila shimo. Nitamaliza kwa mapigo 45." Mmoja akaiandika namba hiyo nyuma ya daftari lake la Hisabati. Laiti ningalijua!

Jumatatu ya tarehe 12 Agosti, saa moja na nusu asubuhi, tulikuwa kiwanjani. Jumatatu ni siku ambayo wenye klabu hawachezi, na makedi huruhusiwa kucheza wao. Mjomba alikuwa ameniombea ruhusa. Umande ulikuwa haujakauka na viatu vyangu vya shule vililowa kabla hata hatujaanza. Mjomba alikuwa ameazima fimbo 7. Sheria inakuruhusu kubeba hadi 14, lakini aliniambia mgeni akipewa zote atachanganyikiwa bure.

"Hii ndefu inaitwa dreva," akasema.

Nikacheka. Mimi dreva ninayemjua ni wa matatu. Mjomba hakucheka. Aliirudisha mkobani, akanipa fimbo ya chuma namba 7. "Leo dreva atapumzika. Sasa niambie, unatarajia kupiga ngapi?"

"Arobaini na tano, Mjomba."

Alinitazama kwa muda, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe. Kisha akaniambia maneno ambayo ningeyasikiliza asubuhi ile, nisingeona aibu niliyoiona baadaye.

"Mpwa wangu, hata hao waliotunga sheria za gofu wanamhurumia mgeni kuliko unavyojihurumia. Tangu mwaka wa 2020, handikapu ya juu kabisa ni 54 kwa mashimo 18. Gawanya. Hiyo ni mapigo matatu ya ziada kila shimo. Kwa mashimo 9 ni 27. Ongeza kwa 36, unapata 63. Na hao ni watu waliokwisha kujifunza. Wewe leo usitafute namba. Tafuta mambo matatu tu: mpira upande hewani hata mara chache, usiwacheleweshe walio nyuma yako, na uhesabu kila pigo. Hayo mengine yatakuja."

"Sawa, Mjomba," nikaitikia. Masikio yalisikia, lakini moyo ulikuwa bado bwenini.

Nikasimama, nikapanua miguu, nikainua fimbo kama nilivyoona kwenye runinga, nikaishusha kwa nguvu zangu zote. Shwaa! Nikatazama mbali kuona mpira unaangukia wapi. Mjomba akakohoa. Mpira ulikuwa bado uko pale pale juu ya kijiti chake, umenyamaza, unanitazama.

"Moja," akasema Mjomba.

"Lakini sijaugusa!"

"Ulikusudia kuupiga. Ukikusudia, imehesabiwa."

Nikapiga tena. Hewa. "Mbili." Mara ya tatu niliugusa, ukabingirika kama mita 10 hivi na kusimama kwenye majani. Makedi wawili waliokuwa wakisubiri zamu nyuma yetu walijifanya wanaangalia ndege mtini. Shimo hilo la kwanza, pa 4, nililimaliza kwa mapigo 10.

Shimo la pili 7. La tatu, lile refu, 12. Huko nilipoteza mipira miwili kichakani, na hapo ndipo nilipofunzwa kwamba una dakika 3 tu za kuutafuta mpira. Zamani zilikuwa 5, lakini zilipunguzwa mwaka wa 2019. Dakika zikiisha unarudi ulikopigia na kujiongezea pigo la adhabu. Wenzangu, kurudi nyuma mita mia moja huku watu wanakutazama si mchezo! Tuliwapisha wale makedi wawili wapite mbele. Mjomba akaniambia hilo ni jambo la heshima, wala si la aibu.

La nne nilipata 9. La tano 8. Mikono ilikuwa imeanza kutoka malengelenge. Mjomba hakunigombeza hata mara moja. Alikuwa anarudisha mapande ya nyasi niliyoyang'oa, anayakanyaga yakae, kisha ananiambia, "Pole pole. Fimbo ina uzito wake, iache ifanye kazi."

Ndipo tukafika shimo la sita. Ni fupi, pa 3. Sijui ilikuwaje. Pengine nilikuwa nimechoka kiasi cha kusahau kutumia nguvu. Niliinua fimbo pole pole, nikaishusha, wala sikuhisi kitu mkononi. Nilisikia tu 'tak', nikaona mpira unapaa, mdogo na mweupe, ukienda ulikotakiwa kwenda. Uliangukia ukingoni mwa grini, ile sehemu ya nyasi zilizokatwa fupi kama zulia. Nikausukuma mara tatu, ukaingia. Manne! Pa 3 kwa mapigo 4!

Mjomba alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Huo ndio mpira utakaokurudisha hapa," akasema.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Niliomba kuiona kadi, nikajumlisha. Mashimo sita, mapigo 50! Nilikuwa nimeshaipita ile 45 niliyoahidi, na mashimo matatu bado yamebaki. Nikaliona lile daftari la Hisabati, nikaisikia sauti ya jamaa wa kitanda cha juu. Nikasema moyoni, heri basi nipunguze aibu.

Shimo la saba mpira wangu uliingia nyuma ya miti, kwenye nyasi ndefu. Mjomba alikuwa upande wa pili akiutafuta. Mimi ndiye niliyeuona. Nikapiga, hewa. Nikapiga tena, nyasi. Nikapiga mara ya tatu, nyasi na udongo. Mpira haukujongea hata kidogo. Pigo lililofuata ndilo lililoutoa. Nilipomaliza shimo lile nilikuwa nimepiga mapigo 11, na nilijua hivyo vizuri kabisa.

"Ngapi?" akauliza Mjomba, kalamu mkononi.

"Nane," nikasema.

Akaandika 8. Hakusema neno. Tukatembea.

Sijawahi kuona njia ndefu kama ile ya kutoka shimo la saba hadi la nane. Mjomba alikuwa mbele, mkoba begani, bega moja limeinama kidogo kwa mazoea ya miaka mingi. Nikakumbuka kwamba karo yangu ya Kidato cha Kwanza, mama alipokwama, ilitoka kwenye bega lile. Na mimi nimempa uongo auandike kwa mkono wake. Shimo la nane nilipiga 10 na la tisa nikapiga 8, wala sikumbuki mpira ulipita wapi.

Saa tano kasoro robo tulikuwa tumemaliza. Mjomba akakaa kwenye nyasi, akajumlisha mara mbili. "Sabini na sita," akasema, akanipa kalamu nitie sahihi.

Nikaishika kalamu. Mkono ukakataa.

"Mjomba, si sabini na sita. Ni sabini na tisa. Kule nyuma ya miti nilipiga mara tatu zaidi."

"Najua," akasema. "Fimbo ikikata nyasi ina sauti yake. Niliisikia mara tatu."

"Mbona basi ukaandika nane?"

"Kadi ni yako. Kwenye gofu hakuna refa wa kukufuata na firimbi kila uendako. Ukinambia nane, nitaandika nane. Lakini utaibeba wewe."

Kisha akanisimulia kisa. Siku moja, miaka ya nyuma, mchezaji fulani alimkonyeza ausukume mpira kwa mguu utoke nyuma ya mti. Hakuna aliyekuwa akiwaona. Mjomba alikataa. Mchezaji yule hakumpa bahshishi siku hiyo, na kwa mwezi mzima alichukua kedi mwingine. "Huo mwezi tulikula kwa shida," akasema. "Lakini hadi leo, watu wakibishana mpira ulikuwa wapi, wananiuliza mimi. Sina cheti kingine, mpwa wangu. Nina hicho tu."

Akafuta ile 8, akaandika 11. Akafuta 76, akaandika 79. Ndipo nikatia sahihi.

Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza jambo lililokuwa likinisumbua: mimi si mwongo kwa tabia, sasa uongo ule ulitoka wapi? Akanijibu kwamba haukuanzia kule mitini. Ulianzia bwenini, siku niliyojipa namba ambayo sikuwa na haki nayo. "Mtu akijiwekea deni kubwa kuliko mfuko wake," alisema, "ataiba ili alilipe."

Shule zilipofunguliwa nilitimiza ahadi. Niliibandika kadi ukutani bwenini, na ile 8 iliyofutwa ikionekana wazi. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa wiki mbili jina langu lilikuwa Sabini-na-Tisa. Nilivumilia, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini baada ya kicheko kuisha, yule jamaa wa kitanda cha juu alinijia usiku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Mjomba anaweza kumruhusu naye ajaribu.

Nilimwambia haya, na ninawaambia nanyi mnaosoma. Ukienda kiwanjani mara ya kwanza, tarajia kupiga hewa. Tarajia kupoteza mipira, kwa hivyo beba mizee ya kutosha. Tarajia kumaliza umechoka, kwa sababu kutembea mashimo 9 ni kilomita kadhaa. Tarajia mapigo mara mbili ya pa, na ukizidisha usilie. Nyamaza mwenzako anapopiga, usikanyage njia ya mpira wake kwenye grini, na uwapishe wenye haraka. Ukifanya hayo hakuna atakayekuchukia hata ukipiga 100. Na katika mapigo yako yote, moja litapaa vizuri. Hilo moja linatosha kwa siku ya kwanza.

Wala si gofu peke yake. Wangapi wetu tuliingia Kidato cha Kwanza tukiwa tumewaahidi wazazi alama za A masomo yote, halafu muhula wa kwanza ulipokuja na D ya Fizikia tukaanza kuificha ripoti chini ya godoro? D si dhambi kwa anayeanza. Balaa ni kuifuta na kuandika nyingine.

Likizo ya Desemba mwaka ule ule nilirudi kiwanjani. Nilipiga 74, zote zimehesabiwa, za hewa na za nyasi. Mjomba aliikagua kadi, akaikunja, akaitia mfukoni mwake badala ya kunirudishia. Halafu akaninunulia soda.