Roho Inaniuma

Ebola ilipotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, nilikuwa na miaka 17 na kazi moja nyumbani: kumsindikiza Mukaka, yaani bibi yangu, kutoka Mulekera mjini Beni hadi kwa daktari wake Butembo, mwendo wa kilomita 54 hivi. Moyo wake dhaifu ulikuwa umeanza kuchosha na figo. Miguu ikivimba, alimeza kidonge cha kutoa maji mwilini. Makayabu tuliyapiga marufuku mezani, naye aliyala kwa majirani.

Barabara ikajaa vizuizi vya kunawa mikono na kupimwa joto. Wenye tansyo, wenye sukari, wenye figo wakaanza kubaki nyumbani. Waliogopa virusi, lakini waliogopa pia neno *suspect*. Kwa Kifaransa ni neno la daktari na ni neno la polisi, na sisi tulilijua zaidi la polisi.

Machi 2019, siku chache baada ya vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo kushambuliwa, Mukaka akashikwa na joto kidogo, uchovu na kwikwi isiyokoma. Hakutaka kula. Butembo hakukuendeka, nikampeleka karibu. Muuguzi wa mapokezi alitoka Kinshasa. Alijua Kifaransa na Lingala. Mkalimani nikawa mimi.

"Ambia munganga, roho inaniuma," Mukaka akasema.

Msomaji wa pwani atawaza nafsi. Kwetu roho ni moyo wenyewe, ule wa nyama, unaopiga kifuani. Nikatafsiri upesi: *Elle a mal au cœur.* Kila neno lilikaa mahali pake. Lakini Mfaransa akisema hivyo, anamaanisha kichefuchefu. Joto, uchovu, kukosa hamu ya kula, kwikwi, na sasa kichefuchefu: akapelekwa kutengwa.

Mfuko wa dawa zake ulibaki mkononi mwangu. Kipimo cha kwanza hakikuonyesha virusi. Cha pili kilibidi kingoje saa 48. Muda wote huo alihimizwa anywe maji ya chumvi na sukari, jambo jema kwa anayetapika. Mukaka hakuwa ametapika hata mara moja. Alitoka miguu imevimba hadi magotini, na wiki nzima akalala ameketi, kwa kuwa akijilaza pumzi zilikata.

Simlaumu muuguzi. Kwikwi ni dalili ya Ebola na ni dalili ya figo zilizoshindwa. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Angeweza kuuliza mgonjwa anameza dawa gani. Nami ningeweza kusema bila kuulizwa.

Kosa langu nililijua miaka kadhaa baadaye, katika somo la semantiki, mwalimu alipotoa mfano uleule wa *mal au cœur*. Darasa likacheka. Nikatoka nje.

Mukaka sijamwambia. Karatasi ya majibu aliikunja akaitia kwenye mfuko wa dawa, na katika kila kizuizi cha njia ya Butembo aliitoa kabla hajaombwa, mpaka ikachanika.