Nilivyovishwa Koti Juu ya Barafu



Ndugu zangu, tangu nije Minnesota, Marekani, kusoma falsafa, swali ninaloulizwa zaidi kutoka nyumbani ni hili: "Frateri, hiyo baridi unaivumiliaje?" Nimezoea kujibu kwa mzaha. Leo nitajibu kwa ukweli, ingawa ukweli wenyewe unaniaibisha kidogo.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Ukerewe. Baba huvua dagaa usiku kwa taa, na mimi nilijua kupiga kasia kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo Januari mwaka huu, mzee mmoja wa parokia ninayokwenda Jumapili aliponialika kuvua katika Ziwa Mille Lacs, nilikubali mara moja. Ni ziwa kubwa, na wakati wa baridi uso wake huganda ukawa mgumu. Watu hutembea juu yake, hutoboa tundu kwa keekee ndefu, kisha huteremsha ndoano. Chini yao maji hubaki maji na samaki wanaishi, kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji na hukaa juu kama kifuniko.

Usiku wa kuamkia safari mzee aliniletea mfuko wa nguo, akanieleza moja baada ya nyingine. Kwanza, nguo za ndani za sufu zinazoshika mwili. Pamba hapana, kwa sababu pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na jasho likipoa linakupoza na wewe. Pili, sweta nene ya kutunza joto. Tatu, suruali na koti visivyopitisha upepo wala maji, na koti hilo limeshonewa vitu vyepesi ndani ili likueleze ukitumbukia. Buti ziwe na nafasi: ukijaza soksi mpaka mguu ukabanwa, damu haipiti vizuri na vidole vinaganda. Glavu ziwe za mfuko, ambamo vidole vinne hukaa pamoja vikipashana joto, na jozi nyingine kavu iwe begani. Kofia ifunike masikio. Chini ya buti, vyuma vyenye meno ili usiteleze. Mwisho, vijiti viwili vyenye ncha za chuma, vya kuning'iniza shingoni. Barafu ikivunjika, unageukia ulikotoka, maana upande huo ndio uliokubeba, unachoma vijiti, unapiga miguu na kujivuta. Ukishatoka usisimame, unabiringika mpaka ufike mbali na tundu.

Nilimsikiliza kwa adabu. Asubuhi nikavaa nilivyotaka.

Ndani nilivaa fulana yangu ya pamba ya mashindano ya mpira, kwa kuwa sufu iliniwasha. Koti la kuelea nililiacha garini kwa sababu lilinifanya nionekane kama gunia, nikavaa jaketi langu la mjini. Vijiti nilivitia mfukoni. Mzee aliponiuliza, nilimwambia kwamba nimezaliwa ziwani na ninajua kuogelea. Akanijibu taratibu kwamba maji ya baridi hayaulizi kama unajua kuogelea. Dakika ya kwanza yanakunyang'anya pumzi. Baada ya dakika kama 10 mikono inakataa kufanya kazi, hata kwa bingwa. Kisha akanyamaza, akaenda kulichukua lile koti garini na kuliweka kwenye sleji yetu.

Tuliondoka kwa miguu. Kila baada ya mwendo mfupi mzee alitoboa barafu na kuipima. Huku hufundishwa kwamba barafu mpya iliyo angavu isipofika unene wa sentimita 10 mtu asiikanyage, na hata ikifika, hakuna barafu ya kuaminiwa kabisa. Siku hiyo ilikuwa nene kuliko hapo mara tatu. Mimi ndiye niliyekokota sleji, nikatoka jasho na kujisifu moyoni kwamba nasikia joto.

Tulipoketi kwenye tundu, jasho lile likageuka. Baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na upepo ulikuwa unavuma. Fulana ilinishika mgongoni kama kitambaa kilichotolewa mtoni. Nilianza kutetemeka, nikajidai niko sawa. Samaki alipovuta, vidole vyangu havikuweza kuushika mshipi.

Mzee hakunigombeza. Aliniingiza kwenye kibanda chake cha kuvulia, akawasha jiko na kuacha tundu la hewa wazi, maana moshi usioonekana wa jiko huua kimyakimya. Akatoa begani nguo kavu za sufu alizozibeba kwa ajili yangu bila kuniambia. Nikabadilisha. Vifungo vya koti nilishindwa, akanifunga yeye, kimoja kimoja, kama mama anavyomwandaa mtoto kwenda shule. Kisha akanivika vile vijiti shingoni.

Pale ndipo nilipomkumbuka baba yangu mdogo. Nilikuwa darasa la sita upepo ulipopindua mtumbwi wake. Naye alijua kuogelea. Jaketi okozi lake lilikutwa limekwama chini ya ubao wa kukalia, kwa kuwa alikuwa akililalia kama mto. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijiuliza kwa nini hakulivaa. Siku ile nilipata jibu, na jibu lilikuwa ndani yangu.

Darasani tumesoma kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino anahesabu utayari wa kufundishwa kuwa sehemu ya busara, na kwamba hata wenye elimu wanauhitaji. Nilijibu vizuri swali hilo kwenye mtihani. Na katika sura ya mwisho ya Injili ya Yohane, Petro mvuvi anajifunga vazi lake mwenyewe na kujitupa ziwani. Muda mfupi baadaye Bwana anamwambia kwamba itafika siku mwingine atamfunga. Najua maneno yale yanahusu kifo chake. Lakini sisi tunaojiandaa kwa upadre tunaweza kuanza kuyazoea mapema, kwa mambo madogo kama vifungo vya koti.

Jioni ile nilimpigia baba, nikamsimulia yote bila kuficha. Alicheka sana kuhusu fulana. Nikamwuliza jaketi okozi lake liko wapi. Akakaa kimya, kisha akasema, "Lipo mtumbwini." Nikamwambia, "Baba, naomba ulivae." Akasema atalivaa.

Sasa kila usiku wa giza la mwezi, wakati wa dagaa, namtumia ujumbe mfupi kumkumbusha. Mara nyingine hajibu mpaka asubuhi. Mniombee, nanyi wenye wazazi na ndugu ziwani, waulizeni swali hilohilo.