Ulipima Saa Ngapi?

Ndugu wanachuo, makala haya yanahusu upimaji, ila si upimaji wa wanafunzi ambao mmekwisha kuusoma. Nataka kueleza jinsi utendaji wa kompyuta na mitandao yake unavyopimwa, na jinsi mimi, niliyepewa kazi ya kulifundisha jambo hilo, nilivyolipima vibaya hata nikawadhulumu watu watatu.

Chumba cha kompyuta cha chuo nilichokuwa nikifundisha kilikuwa na mashine ishirini na njia moja tu ya kuingilia kwenye mtandao. Wanachuo walitakiwa kuleta kazi zao za mradi kwa njia hiyo kabla ya saa nne usiku. Watatu walichelewa, wakajitetea kwamba mtandao ulikuwa umekwama. Nami nikitaka kuamua kwa haki, niliamka kesho yake saa kumi na moja alfajiri, nikaketi peke yangu mbele ya mashine mojawapo, nikapima. Nilitumia programu iitwayo ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983. Kazi yake ni nyepesi: hutuma pakiti ndogo kwa kompyuta ya mbali, hungoja jibu, kisha huonyesha muda uliopita. Nilipata wastani wa milisekunde 60, muda ambao ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Nikaandika taarifa kwamba mtandao hauna kasoro.

Katika kikao, mmoja wa wale watatu, binti mpole asiye na maneno mengi, aliuliza: “Samahani, Mwalimu, ulipima saa ngapi?” Swali lile nililiona kuwa ni utovu wa adabu. Wote watatu wakakatwa alama.

Muhula uliofuata, nikitayarisha andalio la somo juu ya historia ya mitandao, nilisoma habari za mwaka 1986. Mwezi Oktoba mwaka huo, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huko Marekani, yalikaribia kufa kabisa. Mahali hapo pawili palitengana kwa yadi 400 tu, mfano wa kutoka bwenini hadi shamba la shule. Hata hivyo mwendo wa data ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Ndiyo kusema, sehemu moja tu katika kila 800 ndiyo iliyobaki. Hapakuwa na waya uliokatika. Van Jacobson wa maabara hiyo na Michael Karels wa chuo kikuu walichunguza chanzo, na mwaka 1988 uchunguzi huo ukachapishwa.

Kila kompyuta ilipokosa jibu kwa muda iliokadiria, ilidhani pakiti yake imepotea, ikaituma tena. Kumbe pakiti ilikuwa bado iko katika foleni. Pakiti zilizorudiwa zikairefusha foleni hiyo hiyo, majibu yakazidi kuchelewa, nazo kompyuta zikazidi kurudia. Fikirini darasa ambalo kila mtoto, akiona daftari lake halijasahihishwa, analeta jingine lenye kazi ile ile!

Sasa, kwa nini kompyuta hazikujua kungoja? Algorithimu yake, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao mashine hufuata, ilichukua wastani wa muda wa majibu yaliyotangulia na kuuzidisha kwa namba isiyobadilika. Foleni ikiwa fupi, majibu hukaribiana na wastani, na hesabu hiyo hutosha. Foleni ikiwa ndefu, majibu hutawanyika sana, na wastani hausemi tena lolote la maana. Jacobson aliongeza kipimo cha pili: majibu yanaachana na wastani kwa kiasi gani. Tena alizielekeza kompyuta zianze na pakiti chache, ziongeze kadiri majibu yanavyorudi, na zipunguze zinapotambua kwamba pakiti imepotea.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Usiku ule saa tatu nilikwenda katika chumba cha kompyuta, nikakikuta kimejaa watu, nikapima upya. Wastani ulikuwa umepanda, lakini si kwa kutisha. Kilichotisha ni kwamba majibu mengine yalichukua zaidi ya sekunde tatu, na mengine hayakurudi kabisa. Na ifahamike kwamba pakiti isiyorudi haiingii katika wastani wa ping. Laiti ningetazama wastani peke yake, ningewahukumu mara ya pili.

Katika kulifundisha jambo hili, sitangulizi mashine. Naanza na meza ya mwalimu. Chukueni wanafunzi kumi na madaftari yao, na mwalimu anayesahihisha kila daftari kwa nusu dakika. Mara ya kwanza wanafunzi waje mmoja mmoja, kila baada ya nusu dakika: hakuna anayengoja. Mara ya pili waje wote kwa pamoja: wa kumi atasimama dakika nne na nusu kabla ya kuhudumiwa, na wastani wa kungoja utakuwa dakika mbili na robo. Mwalimu ametumia dakika tano katika mara zote mbili. Akiulizwa, atasema hakuna lililobadilika, naye atakuwa mkweli kwa kipimo chake. Wanafunzi wawili wenye saa na daftari waandike muda wa kila mmoja aliyesimama, kisha darasa lichore grafu ubaoni. Nimeliona somo hili likichangamka hata katika shule isiyo na umeme.

Wenye hesabu nzuri waweza kuendelea mbele. Elimu ya foleni ni ya zamani kuliko kompyuta: Mdenmaki Agner Krarup Erlang alichapisha kazi yake ya kwanza juu ya simu mwaka 1909. Katika foleni iliyo rahisi kuliko zote, ambamo watu huja bila mpango na huduma nayo hurefuka au kufupika bila mpango, mhudumu akiwa na kazi nusu ya muda wake, mtu hukaa mara mbili ya muda wa huduma yenyewe. Akiwa na kazi asilimia 90, hukaa mara kumi. Asilimia 95, mara ishirini. Wanachuo wengi hudhani kwamba toka 90 hadi 95 ni hatua ndogo.

Nilipeleka taarifa mpya katika kikao, nikiwa nimeambatisha vipimo vya usiku. Alama za yule binti zilirudishwa. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kuondoka chuoni, na barua nilizowaandikia hazijajibiwa. Karatasi ya vipimo sasa imebandikwa mlangoni mwa chumba cha kompyuta, na wanachuo ndio wanaoijaza. Safu yake ya kwanza ni ya saa.