Sukari Isiyofika Ubongoni

Miaka ya 1980, nikisoma Kitale, mwalimu wetu wa baiolojia alichora seli ya neva ubaoni kwa chaki za rangi, matawi yake yote na mkia wake mrefu. Mwishoni aliongeza vitone pembeni. Hizo, alisema, ni seli saidizi. Kazi yake ni kuzishikilia neva zisiyumbe. Mtihani haukuziuliza, nasi tukazisahau.

Likizo nilishuka Bungoma kwa shangazi. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na baridi yake hupunguza mbu. Ukishapita Kiminini na Kamukuywa ukielekea Webuye, joto linakupokea, na malaria nayo. Likizo moja binti mdogo wa shangazi alishikwa na homa akakataa chakula siku nzima. Alfajiri macho yalipinduka, meno yakaumana, mikono ikakakamaa na kutetemeka. Majirani walirudi nyuma. Mmoja akaonya povu lisimguse mtu. Kukhu, nyanya yetu, peke yake ndiye aliyekaa sakafuni akamlaza ubavu. Nje, miwa iliyongoja kwenda kiwanda cha Nzoia ilikuwa imepita kimo cha paa.

Binti alipona homa, kifafa kikabaki. Akatolewa shule kwa sababu wazazi wa wenzake waliogopa. Kwa hesabu, alikuwa akinishinda mimi niliyemzidi madarasa matatu.

Laiti tungejua kilichokuwa kikitendeka kichwani mwake. Neva nyingi huchocheana kwa kumwaga glutameti. Isipoondolewa upesi, neva jirani huchochewa kupita kiasi, hata kufa. Vinavyoiondoa ni vile vitone vya ubaoni, seli ziitwazo astrosaiti, na kazi hiyo ina gharama. Kila molekuli ya glutameti inayovutwa ndani huingia na ioni 3 za sodiamu, na sodiamu hiyo sharti isukumwe nje kwa pampu inayotumia nishati. Kuigeuza glutameti kuwa glutamini, ili irejee kwenye neva, ni nishati tena. Mwaka 1994, Luc Pellerin na Pierre Magistretti wa Lausanne, Uswisi, walieleza kwamba astrosaiti zinapovuta glutameti huongeza matumizi ya glukosi na kutoa laktati, wakapendekeza kuwa laktati hiyo hulisha neva. Wataalamu bado wanabishana neva huitegemea kwa kiasi gani, lakini kwamba usafishaji huo una gharama hakuna anayebisha.

Sasa mfikirie mtoto yule. Malaria kali hushusha sukari ya damu, hasa kwa mtoto ambaye hajala, na kwinini tuliyoitegemea wakati ule inaweza kuishusha zaidi. Degedege nayo hudai nishati nyingi saa ileile. Nishati ikipungua, pampu hulegea, sodiamu hujaa ndani, glutameti hubaki nje ikiendelea kuchochea. Sisemi sukari peke yake ingemwokoa na kifafa. Vimelea huziba mishipa midogo ya ubongo pia. Ila hakuna aliyempima sukari, wala aliyetwambia kwamba ni jambo la kupimwa.

Leo mtoto mwenye degedege akifika hospitalini hutobolewa kidole, na jibu la sukari hutoka papo hapo. Bungoma ni miongoni mwa kaunti za magharibi zilizoanza kupata chanjo ya malaria kuanzia 2019. Nafurahi, na furaha hiyo inauma.

Binti wa shangazi sasa ni mama mwenye wakaza wana. Dawa zimemtuliza. Nilipomweleza haya yote aliniuliza swali moja tu: “Kaka, sukari ilikuwepo nyumbani siku ile?” Ilikuwepo. Tangu hapo amewafundisha wakaza wana wake: mtetemo ukishatulia na mtoto akiwa bado amelegea, kijiko kidogo cha sukari iliyoloweshwa maji kiwekwe chini ya ulimi, mtoto alazwe ubavu, na bodaboda iitwe papo hapo impeleke hospitalini.