Bushi niliyoiacha kwenye kitako cha zamani

Kongoni yule nilimjeruhi mimi. Haukuwa upepo, wala umbali. Nilibadilisha kitako cha bunduki yangu mwenyewe, na nilikibadilisha vibaya.

Bunduki ni Mauser ya mtindo wa 1898, ya risasi za .30-06. Kitako chake cha mbao kilikuwa kinavimba kila masika, mbao ikaugusa mtutu na shabaha ikahama. Plastiki hainywi maji, ndiyo maana niliitaka. Kitako kipya kilipofika niliona kazi ni ndogo: skrubu kubwa mbili, moja mbele na moja nyuma, toa huku weka kule. Huenda nawe ungeona hivyo, fundi wa bunduki akiwa mbali, msimu unafunguliwa Julai, na bisibisi iko mezani.

Nilikaza kwa nguvu zangu zote.

Kwenye majaribio matundu yalitawanyika. Nikalaumu risasi, nikabadilisha boksi. Nikalaumu darubini, nikairekebisha. Hatimaye risasi mbili zikaangukia karibu karibu, nikajiambia inatosha, kwa kuwa ndilo jibu nililokuwa nalitafuta. Porini nililenga bega, risasi ikaingia tumboni. Tulifuata damu hadi giza, tukarudi alfajiri. Hatukumpata.

Nyumbani ndipo nilipofanya kipimo ambacho wawindaji wengi wanakijua, nami nilikijua. Nilibana ncha ya kitako na mtutu kwa vidole, kisha nikalegeza skrubu ya nyuma taratibu. Mtutu ulisogea. Nikakaza, nikalegeza tena, ukasogea tena. Bunduki iliyokaa sawasawa haisogei hivyo. Yangu ilikuwa imepindwa ndani ya kitako kama upinde, na chuma kilichovutwa namna hiyo hakirudi mahali pale pale baada ya kila teke la bunduki.

Nikachukua kitako cha zamani. Ndani ya tundu la skrubu ya nyuma mlikuwa na bushi, kijibomba kifupi cha chuma kinachoshikilia nafasi kati ya mwili wa bunduki na bamba la chini, ili skrubu ikikazwa igote chuma kwa chuma. Nilikuwa nimeiacha humo. Bila bushi, skrubu ilikandamiza plastiki tupu, na plastiki inabonyea. Kadiri nilivyokaza ndivyo nilivyozidi kuuvuta mkia wa bunduki chini.

Niliihamisha bushi, nikatandika epoksi mahali jino la mbele linapopokelea teke, nikakaza kwa kiasi. Matundu yakakusanyika. Mnyama aliyejeruhiwa nilimhesabu kwenye kibali sawa na aliyeuawa, na ndivyo inavyopaswa, kwa hiyo sikuwinda kongoni mwingine msimu ule.

Wenzangu niliokuwa nao porini niliwaeleza sababu. Mmoja wao naye alikuwa ameweka kitako kama changu kwenye Mauser yake. Tulikifungua jioni ile ile. Bushi haikuwamo.